Msitubebe, tengenezeni njia: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya boti na pantoni

Kwa Mawaziri wenye dhamana ya uchukuzi, Tanzania Bara na Zanzibar. Kwa wakuu wa mamlaka za bandari na za usalama wa vyombo vya majini. Na kwa wamiliki wa boti za abiria.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Natumia kiti mwendo, naishi Kigamboni, na nusu ya ukoo wangu uko Unguja. Kwa hiyo bahari kwangu si ya matembezi. Ndiyo njia yangu ya kwenda mazikoni, harusini, hospitali na kazini. Nawaandikia kuhusu namna watu kama mimi tunavyopanda na kushuka kwenye vyombo mnavyovimiliki, mnavyovipa leseni na mnavyovikagua. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana baadhi ya ninayoyaomba hayahitaji hata kupitishiwa bajeti.

Nianze na maji yenyewe. Aliyekulia pwani anajua kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika bandari za Dar es Salaam na Zanzibar hupita mita 3. Boti ambayo alfajiri mlango wake ulikuwa usawa wa gati, ifikapo saa nne asubuhi imeshuka chini kiasi cha kimo cha mtu na nusu, au zaidi. Viwango vya ujenzi vinavyotumika sehemu nyingi duniani vinasema mteremko wa kiti mwendo usizidi 1 kwa 12, yaani kila mita 1 ya kushuka ipewe mita 12 za njia. Mita 3 basi zinataka njia ya mita 36. Weka hapo daraja la mita 10, na hata mwenye mikono yenye nguvu hatapanda peke yake, na anayemsukuma kutoka nyuma anaweza kuteleza naye wote wawili.

Upande wa pantoni shida ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Pantoni huegesha kwenye mteremko wa zege na kushusha mlango wake wa chuma. Maji yakijaa, mwendo ni mfupi. Yakipwa, sehemu ya zege iliyokuwa chini ya maji inabaki wazi, imelowa, ina utelezi, na ndiyo hiyo tunayoipita pamoja na magari, bodaboda, mikokoteni na umati unaokimbilia kazini. Mahali mlango wa chuma unapogusa zege hubaki kizingiti. Kwa mwenye miguu ni hatua moja ambayo hata haioni. Gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo likigonga pale, kiti kinasimama na aliyekikalia anaendelea mbele. Nyuma yake kuna mamia ya watu wanaosukumana, kwa kuwa chombo kama MV Magogoni, pantoni ya Kigamboni, kimejengwa kubeba watu 2,000 na magari 60 kwa mkupuo mmoja.

Hakuna lolote katika haya linalotushtukiza. Jedwali la maji kujaa na kupwa huandaliwa mwaka mzima kabla. Nahodha analo, mkuu wa gati analo, mvuvi wa Feri, pale pantoni ya Kigamboni inapoegesha upande wa mjini, anaikisia saa ya maji kwa kuutazama mwezi. Bahari imetupa taarifa zake zote. Kilichokosekana ni njia iliyojengwa kwa kuzifuata taarifa hizo.

Na kwa kuwa njia haipo, tunabebwa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nadhani wengi wenu mnaamini kwamba kubebwa ndiyo suluhisho. Mnaona vijana wanne wamekishika kiti, abiria ameingizwa ndani, boti imeondoka kwa wakati. Mnashukuru Mungu kwamba Watanzania bado wana utu. Wana utu kweli, na vijana wale siwalaumu hata chembe. Wapo waliopindisha migongo yao kwa ajili yangu na wakakataa hata soda.

Lakini fikirini abiria ni mwanamke. Amevaa buibui lake, amejistiri, anasafiri na binti yake mdogo. Anafika mwisho wa gati, na wanaume asiowajua wanamzunguka. Mmoja anampitishia mkono chini ya mapaja, mwingine anamkumbatia kifuani kutokea nyuma. "Jilegeze, shangazi, tukubebe." Gauni linapanda. Ushungi unateleza. Abiria wengine wanatazama, na binti anatazama. Nimebebwa hivyo kwenye boti ya kampuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa jambo lenyewe si la kampuni moja. Sikuulizwa nishikwe wapi. Hapakuwa na muda wa kuuliza, foleni ilikuwa nyuma yetu. Stara ambayo jamii yetu inamdai mwanamke kila mahali, pale gatini ilionekana si lazima, na hakuna aliyeona ajabu.

Na kuna mifupa. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu sehemu fulani za mwili. Akibamizwa kwenye ukingo wa mlango anaweza asijue mpaka aone damu usiku. Anayembeba hajafundishwa kubeba mtu, amezoea magunia na magodoro, na kwa mwili wa binadamu anatumia ujuzi uleule. Mguu wake ukiteleza kwenye daraja, tunaanguka wote, pengine kwenye lile pengo kati ya boti na gati, ambako chombo cha mamia ya tani kinapanda na kushuka na mawimbi.

Baada ya kubebwa, kiti chako kinachukuliwa. Kinapelekwa kwenye mizigo, kinalazwa kati ya mikungu ya ndizi, mabegi na friji ya mtu anayehama. Waheshimiwa, kile kiti ndiyo miguu yangu. Hakuna abiria mwingine anayeambiwa aiache miguu yake kwenye mizigo mpaka wafike Malindi, bandari ya Unguja. Kikirudi kimepinda ekseli au kimevunjika sehemu ya kukanyagia, hakuna fomu ya kujaza. Unaambiwa "pole sana", nawe unaanza kutafuta fundi wa kuchomelea.

Kinapoondoka kiti, mara nyingi na mto wake unaondoka. Mto ule si wa starehe. Mtu asiyesikia makalio yake akikaa saa 2 kwenye kiti kigumu bila mto wake anaweza kuanza kidonda cha mgandamizo, na vidonda hivyo huchukua miezi kupona na vimeua watu. Halafu kuna choo. Mlango wake ni mwembamba, una kizingiti kirefu cha kuzuia maji, na wewe umekalishwa mbali, huna kiti. Kwa hiyo wengi wetu tukiwa na safari ya asubuhi tunaacha kunywa maji tangu usiku. Daktari yeyote wa uti wa mgongo atawaambia kwamba kuwanyima maji watu ambao kibofu na figo zao tayari ziko hatarini ni kuwakaribishia maambukizi. Tunajinyima wenyewe, kwa hiari, ili tusije tukaaibika mbele za watu.

Na wanaosafiri hivyo ni akina nani? Wengi ni wagonjwa na watu wanaofuata huduma. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na Taasisi ya Mifupa ya MOI ziko Dar es Salaam. CCBRT, hospitali inayohudumia watu wenye ulemavu, iko Dar es Salaam. Mtu aliyeanguka mnazi Pemba, akapooza miguu, anapewa rufaa avuke bahari aje kutibiwa, kisha kila baada ya miezi kadhaa arudi kuangaliwa. Yule anayehitaji boti kuliko abiria wote ndiye boti haikumfikiria.

Nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi. Nchi hii imezika watu wengi waliokufa majini. MV Bukoba, Mei 1996. MV Spice Islander, Septemba 2011. MV Skagit, Julai 2012. MV Nyerere, Septemba 2018. Baada ya kila msiba tuliambiwa kuhusu kujaza kupita kiasi, uchakavu, orodha za abiria zisizoaminika. Yote ya kweli. Lakini sijawahi kusikia swali hili likiulizwa kwa sauti: yule asiyeweza kutembea, amepangiwa nini? Jaketi la kujiokolea liko chini ya kiti au juu ya kichwa chake? Nani kati ya mabaharia amekabidhiwa jukumu la kumfuata? Kiti chake kiko wapi ili atoke nacho mpaka mlangoni? Kwenye boti nilizopanda, nikikalishwa dirishani safu ya kati na kiti changu kikiwa kwenye mizigo, jibu nalijua.

Duniani swali hili lina jibu la miaka mingi. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, una kanuni inayotaka abiria aliyesema kwamba atahitaji msaada wakati wa dharura aandikwe, na nahodha apewe taarifa hizo kabla chombo hakijaondoka. Mkataba huo umeandikiwa safari za kimataifa, lakini mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja haupungui kina kwa sababu pande zote mbili ni Tanzania. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilitoa mapendekezo ya namna ya kuunda na kuendesha meli za abiria kwa kuwazingatia wazee na watu wenye ulemavu mwaka 1996, mwaka uleule MV Bukoba ilipozama. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni yao ya mwaka 2010 kuhusu haki za abiria wa majini inawataka wenye meli watoe msaada bila malipo kwa abiria aliyetoa taarifa saa 48 kabla, na wafidie kifaa chake kikiharibika mikononi mwao.

Na sisi hatukukosa sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inataja usafiri kwa jina lake, na ibara ya 11 inazungumzia usalama wetu wakati wa hatari. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Zanzibar ilitangulia na sheria yake mwaka 2006. Jirani zetu Kenya wameiweka haki ya kufikia usafiri wa umma ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 54, ingawa mtu wa kiti mwendo pale kivuko cha Likoni, Mombasa, naye anapambana na maji kupwa kama sisi. Kwa hiyo siombi mtunge sheria mpya. Naomba iliyopo ifike gatini.

Ifikeje? Kwanza kwa mambo ambayo yanaweza kuanza mwezi huu. Tiketi ikikatwa, iwe dirishani au kwa simu, abiria aulizwe kama anahitaji msaada, na jibu lake lifike kwa nahodha likiwa kwenye orodha, si kwa mdomo wa mchukuzi. Tuingizwe kabla ya umati kuruhusiwa, kwa dakika 10 tu. Kila boti itenge nafasi ya viti mwendo viwili au vitatu karibu na mlango, kwenye sitaha ya chini, mahali ambapo safu moja ya viti inaweza kufunguliwa boliti na kuondolewa. Hapo iwekwe mikanda ya kufungia kiti sakafuni, maana msimu wa kusi mkondo unachafuka, na kiti kisichofungwa kinakimbia. Mlangoni uwekwe ubao imara wa kuvukia, mpana, wenye kingo na wa kuzuia utelezi. Fundi yeyote wa alumini anautengeneza. Mabaharia wafundishwe kumsaidia abiria wa kiti mwendo, na jambo la kwanza wafundishwe kumuuliza mwenyewe. Na wawepo mabaharia wanawake pale gatini, kwa ajili ya abiria wanawake. Anayelazimika kuhamishwa kutoka kwenye kiti ahamishwe kwa kiti maalumu chembamba chenye mikanda, si kwa mikono ya watu kwapani.

Gati ni kazi kubwa zaidi, nakubali. Dawa yake ya kihandisi inajulikana: gati linaloelea, ambalo hupanda na kushuka pamoja na chombo, ili kati ya gati na mlango wa boti pasiwe na tofauti hata maji yakipwa vipi. Lakini mahali lilipo, au litakapojengwa, msisahau nusu ya pili ya kazi. Daraja linaloliunganisha na nchi kavu ndilo linalobeba ile tofauti ya mita 3, na likiwa fupi mmehamisha tu kilima kutoka mlangoni kwa boti mkakipeleka hatua chache nyuma. Liwe refu, au likunjwe mara mbili lenye sehemu bapa ya kupumzikia katikati, na reli za kushika pande zote. Kwa pantoni, njia ya waenda kwa miguu na viti mwendo itenganishwe na ya magari kwa kizuizi cha kweli, zege lichorwe mifereji ya kukata utelezi na lisafishwe mara kwa mara, na mlango wa chuma uwekewe ulimi wa kufunika kile kizingiti.

La tatu ndilo naliona la haraka kuliko yote, ingawa halionekani kwa macho. Vyombo vinaendelea kununuliwa na kukodishwa, na mikataba mipya inasainiwa. Boti inayoingia leo itahudumu miaka 20, pengine 30. Ikiingia na mlango wa sentimita 60 na choo cha kizingiti, mmetufungia nje mpaka wajukuu zetu wawe watu wazima. TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, kwa upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar wana kalamu ya leseni na cheti cha ukaguzi mkononi. Chombo kipya cha abiria kisipewe cheti bila mlango unaopitisha kiti mwendo, nafasi ya kukifunga, na choo kimoja ambacho mtu anaweza kuingia na kugeuka. Vyombo vilivyopo vipewe tarehe. Sheria isiyo na tarehe tumeishi nayo tangu 2010.

Nimeshasikia majibu. Kwamba tuko wachache, "mbona hatuwaoni kwenye boti?" Mngetuona vipi? Waliobebwa mara moja wakaaibika hawarudi. Wanatuma ndugu, wanakosa mazishi, wanaacha kliniki. Kwamba kiti mwendo kinaziba njia ya dharura: ndiyo, kikiachwa popote kinaziba, na ndiyo sababu nataka nafasi maalumu iliyochorwa kwenye ramani ya chombo. Kwamba kuna Daraja la Nyerere tangu 2016, tuzunguke Kurasini: mwenye gari azunguke, lakini sisi wa daladala tunakutana na ngazi za daladala, nayo ni barua nyingine. Kwamba gharama ni kubwa: mama mwenye mapacha mgongoni na mkononi, mzee wa magoti mabovu, mjamzito, mchukuzi mwenye mkokoteni wa samaki, wote watapita njia hiyohiyo.

Msidhani pia kwamba naomba nauli ya bure. Nitalipa kama abiria mwingine, na nitadai kama abiria mwingine.

Ombi langu la mwisho ni la vitendo. Vyama vyetu vya watu wenye ulemavu vipo: SHIVYAWATA na CHAWATA wako Bara, UWZ wako Zanzibar. Waiteni, pamoja na wahandisi wenu na wenye boti, mkutane gatini badala ya ukumbini. Fungueni jedwali la maji mchague siku ya bamvua, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, maji yakiwa yamepwa kabisa. Mje Feri, kisha tuvuke pamoja hadi Malindi. Leteni futi ya kupimia na msome vipimo kwa sauti: upana wa mlango, urefu wa daraja, kimo cha kizingiti, mlango wa choo. Vipimo hivyo vichapishwe, na mbele ya kila kipimo liandikwe jina la ofisi inayowajibika kukirekebisha na tarehe ya kumaliza. Mimi nitakuwepo siku yoyote mtakayotaja, ilimradi mtoe taarifa wiki moja kabla, nipange usafiri wa kunifikisha.

Wenu katika safari,

Abiria wa kiti mwendo, Kigamboni